Shure SM58: maiki iliyonifundisha kuacha kupiga kelele

Maiki yangu imebonyea kichwani, juu kidogo ya ule mkanda unaozunguka wavu. Ilibonyea ikiwa na miezi 2 tu mikononi mwangu. Nilikuwa narudi nyuma jukwaani, kisigino kikanasa kwenye waya, stendi nzima ikalala chini kwa kishindo mbele ya watu kama 200. Niliiokota, nikaita jina la mhusika wa kichekesho nilichokuwa katikati yake, na maiki ikaitika kama vile hakuna kilichotokea. Tangu usiku ule imepita miaka 9. Nimeishika katika kumbi za watu 30 na katika kumbi za watu 1,000, nikiwa na mafua, nikiwa mjamzito, nikiwa nimetoka msibani. Bado ni ile ile.

Tathmini za SM58 zimejaa kila mahali, lakini karibu zote zimeandikwa na waimbaji au mafundi wa sauti. Mwimbaji ana ngoma na gitaa nyuma yake. Sisi wa stendapu tunasimama peke yetu, dakika 5, dakika 20, saa nzima, na kati ya mdomo wetu na sikio la msikilizaji hakuna kitu kingine isipokuwa chombo hiki. Kwa hiyo nitaandika kama mchekeshaji, na nitaandika kwa ajili ya wachekeshaji, hasa anayeanza ambaye bado anatumia maiki yoyote anayoikuta ukumbini.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 14. Darasa la watoto 70 halina spika. Sauti ya mwalimu ndiyo kila kitu, na sauti yangu ilifika hadi darasa la jirani. Nilipanda jukwaani mara ya kwanza nikiwa na miaka 36, usiku wa maiki huria, wachekeshaji 11 wageni, kila mmoja dakika 5. Nilikuwa nimeandika vichekesho vyangu kwenye daftari la mazoezi na kuvikariri kama shairi. Nikashika maiki kifuani, nikafungua koo, nikaanza.

Watu walirudi nyuma kwenye viti. Nilimwona fundi wa sauti akikimbilia mikisa, ile mashine ya kupangia sauti, kunishusha. Alivyonishusha, mimi nikapanda. Vichekesho vyenyewe havikuwa vibaya, baadhi ninavitumia hadi leo, lakini usiku ule hakuna aliyecheka hata kimoja. Nilishuka nikiwa nimebakiza dakika moja ambayo sikuitumia.

Nyuma ya pazia alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa ameifanya kazi hii tangu mimi niko shuleni kama mwanafunzi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia na kunisogezea kiti.

“Mwalimu,” akasema, maana mshereheshaji alikuwa amenitambulisha hivyo, “umewagombeza wale watu. Wamekukosea nini?”

“Mzee, nilitaka wa nyuma wanisikie.”

“Wa nyuma wana spika zao. Ile uliyoshika ni sikio, mwanangu. Sikio hulipigii kelele. Lisogelee, uliambie.”

Ilinichukua karibu miaka 3 kuielewa sentensi hiyo kwa mwili, si kwa akili, na sikuielewa sawasawa mpaka nilipokuwa na maiki yangu mwenyewe.

Sababu ni kwamba maiki za ukumbini hazifanani. Leo unapewa iliyolegea kichwa, kesho yenye sponji iliyonusa pumzi za watu wa mwaka mzima, kesho kutwa yenye swichi ambayo mtu aliyekutangulia ameizima bila kujua. Kila usiku unaanza upya kujifunza umbali. Mpiga gitaa hapangiwi gitaa la kuazima kila anapokwenda kufanya kazi, lakini mchekeshaji tunamwona kama mtu asiyehitaji chombo. Tunacho chombo. Ni hiki.

Kuhusu chombo chenyewe, kwa wanaotaka kujua wanachonunua. Shure ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Sidney Shure mjini Chicago mwaka 1925. Mwaka 1939 ilitoa maiki iliyoitwa Unidyne, ile kubwa ya fedha yenye mbavu mnayoiona kwenye picha za zamani za wanasiasa na waimbaji. Mwaka 1959 mhandisi wao Ernie Seeler alikamilisha kizazi cha tatu cha Unidyne, kidogo zaidi, ambacho unaongea kwa kukielekea kichwani badala ya ubavuni. Kutokana na kazi hiyo ndipo SM58 ilipotoka mwaka 1966. Herufi SM ni kifupi cha maneno yenye maana ya maiki ya studio. Ilikusudiwa watu wa televisheni na redio, ndiyo maana rangi yake imefifia ili isimeremete kwenye taa za kamera, na ndiyo maana haikuwekewa swichi. Ikaishia kuwa maiki ya jukwaa dunia nzima.

Ndani yake kuna utando mwembamba ulioshikana na koili ndogo ya waya, na koili imezungukwa na sumaku. Sauti ikigonga utando, koili inacheza, umeme mdogo unazaliwa na kusafiri kwenye waya. Basi. Haina betri, haihitaji umeme kutoka kwenye mikisa. Uzito ni gramu 298. Masafa inayoyashika ni hezi 50 hadi 15,000, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, na haiyashiki kwa usawa: chini kabisa inapunguza, katikati kuelekea juu inainua kidogo, hapo ambapo maneno ya binadamu yanajitenga na kelele. Mtu wa studio anaweza kulalamika kwamba hiyo si sauti halisi. Kwangu mimi ninayetaka neno la mwisho la kichekesho lisikike hadi mlangoni, ni msaada mtupu.

Sasa umbali, jambo ambalo ndilo hasa lililobadilisha kazi yangu.

Maiki ya aina hii ina tabia: ukiisogelea sana, sauti nzito zinaongezeka. Mwongozo wake unasema ukiwa kama milimita 6 kutoka kwenye wavu, masafa ya hezi 100 yanapanda kwa desibeli 6 hadi 10. Hiyo ni namba. Jukwaani maana yake ni kwamba mtu akinong'ona huku midomo inakaribia kugusa wavu, ukumbi mzima unahisi ananong'ona sikioni mwao, na mnong'ono huo una kifua. Sauti yangu ni nyembamba na kali, sauti ya kuita watoto waingie darasani. Miaka yote niliamini siwezi kuwa na utulivu ule wa wachekeshaji wanaume wenye sauti za redio. Nilipokaa nyumbani na maiki yangu, spika ndogo moja na daftari, nikagundua kwamba utulivu ule upo, uko umbali wa kidole kimoja.

Nikaanza kupima kwa mkono. Vidole viwili ni masimulizi ya kawaida. Kidole kimoja ni siri, ni mama mkwe anapomteta mtu aliyekaa pembeni yake. Ngumi nzima ni mwalimu mkuu anapohutubia. Mkono ulionyooka, maiki chini ya kifua, ni mtu anayeita kutoka mbali. Nina kichekesho cha dakika 7 chenye watu 4 wanaogombea kiti kimoja kwenye kikao cha wazazi, na sibadilishi sauti kwa kiasi kikubwa. Nabadilisha umbali tu. Watu huja baadaye kuniambia nina kipaji cha kuiga sauti. Kipaji hicho nimefundishwa na chuma hiki.

Kichekesho kina kutega na kufyatua. Zamani nilikuwa natega kwa sauti kubwa na kufyatua kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani nguvu ndiyo inayochekesha. Siku hizi natega kwa sauti ya kawaida, halafu kwenye kufyatua nashuka. Watu wanainama mbele kusikiliza, na mtu aliyeinama mbele amekwisha kuingia mtegoni. Hili haliwezekani bila maiki unayoiamini. Ukiwa na wasiwasi kwamba neno lako la chini halitafika, utalipaza, na ukilipaza umelifichua.

Nimekuja kuamini kwamba kazi hii kama tunavyoijua ni mtoto wa maiki. Kabla yake, mchekeshaji wa kumbi kubwa za Ulaya na Marekani alilazimika kurusha sauti hadi viti vya juu kabisa, na sauti inayorushwa haiwezi kuwa ya mtu anayezungumza na rafiki yake. Mfikirie Bob Newhart, mchekeshaji wa Marekani. Alikuwa amefanya kazi ya uhasibu, mtu mpole, mwenye kigugumizi kidogo. Februari 1960 walimrekodi mjini Houston akiwa hajawahi kufanya onyesho la klabu ya usiku kabla ya hapo, na rekodi iliyotoka pale ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka. Vichekesho vyake vilivyopendwa zaidi ni mazungumzo ya simu ambayo tunasikia upande mmoja tu. Ananyamaza, anamsikiliza mtu asiyekuwepo, anajibu kwa kusitasita, na kicheko kinatokea ndani ya kile kimya. Hakutumia SM58, ilikuwa haijazaliwa, lakini ni maiki iliyomruhusu mtu wa sauti ile kusimama mbele ya umati bila kujigeuza kuwa mtu mwingine.

Na mwaka ule ule SM58 ilipotoka, tarehe 3 Agosti 1966, alifariki mchekeshaji Lenny Bruce, aliyekuwa amehukumiwa New York mwaka 1964 kwa sababu ya maneno aliyoyasema jukwaani. Msamaha rasmi ulikuja mwaka 2003, miaka 37 baada ya kifo chake. Huwa nawaeleza vijana habari hii wanapoishika maiki kama kichezeo. Kuna watu walifikishwa mahakamani kwa sababu ya kile walichosema kwenye kitu kama hicho.

Turudi kwenye matumizi. Maiki hii inasikia kwa umbo la moyo: mbele inasikia vizuri, pembeni kidogo, nyuma karibu haisikii. Spika za jukwaani zinazokuelekea wewe ziko upande wa nyuma wa maiki, kwa hiyo sauti yake hairudi ndani ya maiki. Ila ukishika kichwa chake kwa kiganja, kama wanavyopenda wasanii wa kufoka, unaziba matundu yanayoifanya isisikie nyuma. Hapo spika zinaanza kupiga mluzi na fundi wa sauti analaumiwa bure. Shika mpini, acha wavu upumue.

Jambo jingine ni herufi zetu. Kiswahili kimejaa P na B, na MP na MB zinazokuja kwa kasi. Sema “pumba”, “mapambo”, “mpumbavu” ukiwa umeielekeza maiki moja kwa moja mdomoni, utasikia mlipuko kwenye spika. Ndani ya wavu kuna sponji inayopunguza ule upepo, na inapunguza kweli, lakini haimalizi. Mimi naiweka chini kidogo ya mdomo, usawa wa kidevu, imeinamishwa kuelekea mdomo wa juu. Pumzi inapita juu yake, sauti inaingia. Ilinibidi nibadilishe jina la mhusika mmoja wa kichekesho changu lililoanza na P kwa sababu nilikuwa namtaja mara 19 ndani ya dakika 4. Sasa anaitwa jina linaloanza na S, na kichekesho kimekuwa kizuri zaidi, sijui kwa nini.

Halafu kuna kicheko. Watu wakicheka, mkono wangu unashuka wenyewe, maiki inafika kwenye nyonga. Hii nayo nilijifunza baada ya kurekodi maonyesho yangu kwa simu na kusikiliza usiku nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nilijisikia nikikanyaga vicheko. Watu wanaanza kucheka, mimi nimeshaingia kwenye sentensi inayofuata, wanakatiza kicheko ili wanisikie. Nilikuwa nawanyang'anya kitu nilichokuwa nimewapa sasa hivi. Maiki ikiwa chini siwezi kusema, hivyo nangoja. Nikiona kicheko kimefika juu na kuanza kuteremka, naipandisha taratibu, na ule mkono unaopanda ndio unaowaambia kwamba tunaendelea.

Kuhusu kasoro, nitasema ninazoziona.

Ukiitelezesha kiganjani au kuhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mshiko unasikika. Kuna mfumo ndani wa kuzuia mtikisiko, lakini ukumbi ukiwa kimya kabisa, na sisi tunategemea kimya, msuguo wa pete ya kidoleni unafika kwenye spika. Nimeacha kuvaa pete mkono wa kulia. Pia haimsaidii mtu anayeongea kwa mbali. Ukizoea kuishika kifuani, itakupa sauti nyembamba ya mtu aliye chumba kingine, na fundi akikuongeza sana utasikia mluzi. Kwa mchekeshaji anayetumia mwili wote, anayeruka na kuanguka na kuigiza kwa mikono miwili, hii si maiki yake. Atafute ya kuvaa kichwani. Na gramu 298 si kitu kwa dakika 5, ila kwenye dakika ya 50 bega linajua. Nilianza kufanya mazoezi ya mkono kwa ajili hiyo.

Ipo pia aina yenye swichi, inaitwa SM58S. Sikushauri. Kidole cha mtu mwenye wasiwasi hutafuta kitu cha kuchezea.

Watu huniuliza kuhusu zisizo na waya. Nimezitumia mara nyingi kwenye sherehe za makampuni, ambako huwa huna hiari. Uhuru wake ni wa kweli. Lakini usiku mmoja betri ilikatika nikiwa nimetega kichekesho cha dakika 6, nimebakiza sentensi ya kufyatua. Watu 300. Kimya. Nikaweka ile maiki iliyokufa chini sakafuni, nikarudi hatua moja, nikatoa sauti ya darasa la watoto 70. Sentensi ile ilifika kwa kila mtu na kicheko kilichorudi sijakisahau. Sauti ya ualimu, ile niliyojifunza kwa taabu kuiacha, ilikuwa ikinisubiri. Nafurahi niliijua kabla ya maiki, na nafurahi kwamba siitumii kila siku. Ila tangu usiku huo, kwenye mkataba wangu naandika kwamba nitakuja na maiki yangu na kebo yangu ya mita 10, na naomba ichomekwe.

Waya una faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya bidhaa. Unajua uko wapi. Ukihisi unavutwa kidogo, umefika mwisho wa jukwaa lako. Mkono wa kushoto unapata kazi, unaushika waya kwa kitanzi, na mkono wenye kazi hautetemeki. Anayeanza hajui mikono yake aiweke wapi, mpe waya.

Kama unanunua, kuwa mwangalifu na za kughushi, maana ni nyingi mno na zimefanana kwa macho. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kughushi. Duka sitalitaja. Muuzaji aliniapia, sanduku lilikuwa zuri, maandishi yote yapo. Nilipoisikia kwenye spika ilikuwa na sauti ya bati, na ilipiga mluzi kila niliposogea. Kwa miezi 5 nilidhani kosa ni langu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha: nilikuwa tayari nina wasiwasi na sauti yangu, na chombo cha uongo kikanithibitishia uongo. Siku fundi mmoja wa sauti aliponiambia, “Dada, hebu tuipime,” tukaiweka kwenye mizani, ilikuwa nyepesi mno kuliko zile gramu 298. Nenda na mizani ndogo ya jikoni kama unaweza. Nenda kwa wakala anayetambuliwa. Na isikilize kabla ya kulipa, ukisema sentensi zako mwenyewe, si “moja mbili, moja mbili”.

Hata kwenye majaribio kabla ya onyesho, usiigonge kwa vidole na usiipulizie. Mwambie fundi sentensi mbili: moja ya chini kuliko zote katika onyesho lako na moja ya juu kuliko zote. Mafundi wanashukuru, kwa sababu wachekeshaji wengi wanafanya majaribio kwa sauti ya aibu, kisha wanapanda jukwaani na sauti nyingine kabisa. Na mafundi wengi, nasema hili kwa heshima kwa sababu wamenisaidia sana, huacha mikisa ilivyopangwa kwa mwanamume aliyetangulia. Mwanamke mwenzangu, omba wakupangie upya. Si usumbufu. Ni kazi yao na ni haki yako.

Usafi: ule wavu unafunguka kwa kuzungushwa. Utoe, uoshe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua kwa mswaki laini, uache ukauke kabisa, hata usiku kucha, kabla ya kuurudisha. Maji yasiguse sehemu iliyobaki. Nafanya hivyo kila mwezi. Mtu akiniomba kuitumia nampa, lakini naosha kabla na baada.

Kulikuwa na kipindi niliacha. Mwaka wangu wa sita, miezi 8 nzima. Nilikuwa napata kazi nyingi kuliko wakati wowote, na kila nilipopanda nilikuwa nasema vitu vinavyopendwa ambavyo mimi mwenyewe nilikwisha kuacha kuviamini. Nilisoma habari za mchekeshaji wa Marekani Richard Pryor, jinsi Septemba 1967 alivyosimama kwenye hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, jina lake likipanda, akawatazama watu, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akaondoka jukwaani. Alikuwa akifanya ucheshi msafi unaofanana na wa wengine. Aliporudi kwa nguvu miaka ya 1970 alikuja na watu wa mji alikokulia, Peoria, wazee wa mitaani, walevi, bibi yake, kila mmoja na sauti yake. Mimi si Pryor, na sikuondoka kwa kishindo. Nilimaliza ratiba, nikakunja kebo, nikaiweka maiki kwenye kifuko chake na kukiweka juu ya kabati.

Siku niliyoishusha nilikuwa peke yangu nyumbani. Sikuichomeka popote. Nilikaa nayo mezani, nikaishika umbali wa vidole viwili, nikaanza kuieleza habari za mtoto mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa akinidanganya kila asubuhi sababu ya kuchelewa, na jinsi uongo wake ulivyokuwa umejaa huruma kwa watu wa nyumbani kwao. Sikuwahi kuisimulia kwa sababu haikuwa na kicheko cha wazi. Sasa ni dakika 12 za mwisho za onyesho langu, na sehemu kubwa yake naisema kwa umbali wa kidole kimoja.

Kwa anayeona amechelewa kuanza, kama nilivyoona mimi nikiwa na miaka 36: mchekeshaji wa Marekani Phyllis Diller alianza mwaka 1955 akiwa na miaka 37 na watoto 5, kwenye klabu ya Purple Onion mjini San Francisco. Aliendelea hadi 2002. Vichekesho vyake aliviandika kwenye kadi, zaidi ya 50,000, kwenye kabati la chuma lenye droo nyingi, na kabati lile sasa limehifadhiwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Nikifikiria zile kadi huwa nalala vizuri. Mimi nina madaftari 31.

Mwaka jana sauti ya maiki yangu ilianza kukatika. Nililia kidogo, nikidhani ndiyo mwisho wake. Ilikuwa kebo. Nilibadilisha kebo. Ikija kuchoka kweli, kile kichwa cha ndani kinauzwa peke yake, kinaitwa R59, na fundi anayejua kushika chuma cha kulehemu atakibadilisha. Wavu nao unauzwa peke yake. Fundi wangu ameniambia mara kadhaa ninunue mpya ili niondokane na ule uliobonyea, ni kitu kidogo.

Nimekataa. Kabla ya kuitwa nasimama nyuma ya pazia gizani, maiki mkononi, kebo imekunjwa kwa kitanzi. Kidole gumba kinapanda taratibu kutoka kwenye mpini hadi kwenye mkanda, kinatafuta lile bonde. Kikilipata, nashusha mabega, navuta pumzi, na ninamsikia mshereheshaji akianza kulitaja jina langu.